Maswali ya Wasomaji: Baridi ya miezi, silaha gani inabaki kufanya kazi?

Toleo lililopita tuligusia kwa kifupi vita vya Finland na Wasovieti vya mwaka 1939 hadi 1940, na maswali yamemiminika kweli. Mengi yanazunguka jambo moja, kwamba kwenye theluji isiyoisha, vifaa vya nani vinadumu na kwa nini. Nimechukua manne, la kwanza nimelijibu kwa kirefu sababu majibu ya mengine yote yanaanzia hapo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Makambako. Huku kwetu mwezi wa saba asubuhi malori ya dizeli yanasumbua kuwaka na wala theluji hatuna. Kila siku nasikia eti kifaru cha T-34 cha Mrusi kilimshinda Mjerumani sababu ya baridi. Kweli kifaru kimoja kinaweza kuvumilia baridi kuliko kingine au ni stori tu? Na hao wa nyuzi 30 chini ya sifuri walikuwa wanawashaje injini?
Fundi, Makambako

Marahaba fundi. Ni kweli, ila stori huwa inasimuliwa nusu. Tuanze na chuma chenyewe. T-34 ilikuwa na tani 26 na zaidi, vifaru vya Mjerumani, Panzer III na Panzer IV, vya mwaka 1941 vilikuwa vyepesi kuliko hapo, tani 20 na kitu, lakini angalia minyororo, ya T-34 ilikuwa na upana wa sentimita 50 mpaka 55 wakati ya Mjerumani ilikuwa sentimita 36 mpaka 40. Kwa hiyo unakuta kile kizito ndo kinapita juu ya theluji na kile chepesi kinazama mpaka tumbo linagusa chini na minyororo inazunguka bure. Wajerumani wenyewe waliliona hilo haraka, mwaka 1942 wakatoa minyororo ya majira ya baridi yenye vipanuzi pembeni, wakaita Winterketten, na mwaka 1944 wakaja na mingine mipana zaidi, Ostketten. Tatizo ni kwamba vile vipande vya kuongezea vilikuwa vinapinda na kukatika, sababu kifaru hakikuchorwa kwa ajili ya minyororo hiyo tangu mwanzo.

Sasa kuwasha. Injini ya T-34, ile V-2 ya dizeli yenye silinda 12, ilikuwa na stata ya umeme ya kawaida, lakini mbele pale kwa dereva kulikuwa na mitungi miwili ya hewa iliyoshindiliwa. Betri ikikataa, dereva anafungulia hewa, hewa inaenda moja kwa moja kwenye silinda inasukuma pistoni, injini inazunguka mpaka inashika. Wewe fundi utaelewa thamani ya kitu hicho kuliko mtu yeyote, maana betri ya asidi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inabaki na kama nusu tu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kiasi kwamba injini inahitaji nguvu mara kadhaa ya kawaida ili izunguke, yaani mzigo umeongezeka na mbebaji amedhoofika. Na betri ikishaisha chaji kabisa maji yake yanaganda, inapasuka, umeipoteza.

Hapa ndo nataka niseme kitu ambacho hakisemwi sana: dizeli yenyewe haikuwa faida. Petroli ya Mjerumani inashika moto kwenye baridi vizuri kuliko dizeli. Dizeli ya kiangazi ikifika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri inaanza kutoa nta, nta inaziba filta, gari linakohoa na kuzima. Kilichomsaidia Mrusi ni kwamba alijua hilo tangu zamani, ana mafuta ya majira ya baridi, anajua kuchanganya na mafuta ya taa, na ana utaratibu wa usiku. Wanachimba shimo, kifaru kinaegeshwa juu yake, chini wanaweka jiko dogo la kuni, halafu wanafunika kila kitu kwa turubai mpaka chini. Minyororo haikai kwenye udongo, inakaa juu ya magogo au matawi, sababu ukiegesha kwenye tope jioni, asubuhi kifaru kimeshikana na ardhi na ukilazimisha unavunja gia. Kuna waliomwaga maji ya rejeta na oili usiku, asubuhi wanachemsha ndo wanarudisha.

Mjerumani mwaka 1941 hakuwa na hata kimoja cha hivyo kwa kiwango cha kutosha. Walikuwa wanawasha moto wazi chini ya injini, au wanaacha injini zinanguruma usiku kucha na petroli inaisha huku reli haileti nyingine. Baadaye wakajifunza, tena kwa Mrusi, kuchanganya petroli kidogo kwenye oili kabla ya kuzima injini ili asubuhi oili isiwe gundi, halafu ukishawasha na injini ikapata moto ile petroli inatoka yenyewe kama mvuke. Na Panzer IV za baadaye ziliwekewa mabomba ya kuhamisha maji ya moto, kifaru kimoja kikiwaka kinaazima rejeta lake kwa jirani, maji ya moto yanaingia kwa aliyeganda na yake ya baridi yanakuja huku, mpaka wote wanawaka. Mimi naiheshimu sana akili hiyo. Lakini ilikuja baada ya majira ya baridi ya kwanza, na yale ya kwanza ndo yaliyowagharimu Moscow.

Tena tusiwaonee. Ile baridi ya mwanzo wa Novemba 1941 iliwasaidia Wajerumani, sababu ilikausha tope la Oktoba ambalo lilikuwa limewafunga kila mahali, vifaru vikapata ardhi ngumu vikasogea. Baridi ya wiki moja ni barabara nzuri. Baridi ya miezi minne ndo inakula chuma. Hapo ndipo utaona tofauti ya aliyechora kifaa akijua kitalala nje mwezi baada ya mwezi na kutengenezwa na mtu ambaye vidole havimtii, na yule aliyechora akifikiria karakana.

Mfano mzuri ni Tiger na Panther, vifaru vya Mjerumani vya baadaye ambavyo watu mtandaoni wanavipenda mno. Magurudumu yake yalipangwa kwa kupishana, moja ndani moja nje, uzito unagawanyika vizuri na mwendo unakuwa laini, kwenye karatasi ni kazi ya kifundi safi kabisa. Sasa njoo Urusi, tope na theluji vinaingia katikati ya hayo magurudumu mchana, usiku vinaganda, asubuhi chuma chote kimekuwa kipande kimoja. Wenzako wanakaa na mitarimbo wanapasua barafu gurudumu kwa gurudumu. Na likiharibika la ndani, unafungua kwanza ya nje kadhaa ndo ulifikie, kwenye upepo ule, na boliti ambayo ukiishika bila glavu ngozi inabaki pale. T-34 ilikuwa na magurudumu matano makubwa kila upande, yamepangwa mstari mmoja, unaona lililovunjika unalitoa hilohilo. Gia zake zilikuwa ngumu hatari na chujio la hewa la zile za mwanzo lilikuwa baya, hilo lazima lisemwe, lakini ubovu wake ulikuwa ubovu unaotengenezeka porini.

La mwisho kwako, usiangalie vifaru peke yake. Injini za treni za Wajerumani zilikuwa na mabomba ya maji nje ya bwela, wamefanya hivyo ili fundi ayafikie kirahisi, na kwa Ujerumani ni sawa. Urusi yakaganda na kupasuka, sehemu kubwa ya injini zao ikasimama Desemba 1941, na ndo maana makoti ya baridi yaliyokuwepo huko nyuma, Poland, hayakufika mbele, sababu nafasi kidogo iliyobaki kwenye treni ilikuwa ya risasi na petroli. Mwaka 1942 wakatoa injini mpya, Class 52, iliyokingwa dhidi ya baridi, wakazitengeneza zaidi ya 6,000.

Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi nilipita mgambo zamani, tulifundishwa bunduki isikae bila mafuta hata siku moja. Juzi mtu ananiambia kwenye baridi kali mafuta ndo yanaua bunduki. Nani mkweli?
Msomaji, Tabora

Wote wawili mnasema kweli, kila mmoja kwa hali ya hewa yake. Tabora kuna vumbi na jasho na mvua, mafuta yanakinga kutu. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri yale mafuta yanageuka kama lami, sehemu inayotakiwa kurudi nyuma kwa nguvu inarudi kwa uvivu, pini inagonga risasi polepole, haiwaki. Askari wa Kijerumani 1941 walijikuta na bunduki zilizopakwa vizuri kama walivyofundishwa halafu hazipigi. Dawa ilikuwa kufuta mafuta yote bunduki ikae kavu, au kupaka kidogo sana ya aina maalumu.

Ila umbo la bunduki lina sehemu yake pia. MG34 yao, bunduki ya rashasha, ilichongwa kwa vipimo vya karibu mno, nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo, barafu kidogo tu au uchafu inakwama. MG42 iliyofuata ilitengenezwa kwa bati la kugonga na nafasi kubwa zaidi, ikawa rahisi kutengeneza na wakati huohuo inavumilia zaidi. Wasovieti kwa upande wao walikuwa na PPSh-41, bunduki fupi ya kumwaga risasi, nayo bati la kugonga, mtutu wake kwa ndani una kromu, na nadhani kila aliyewahi kuifungua anakubali kwamba hakuna kitu kigumu mle ndani. Na hiyo hawakuzaliwa nayo. Walifundishwa na Finland, walipokutana msituni na vijana wenye Suomi KP/-31, bunduki ya aina hiyohiyo, wanaotokea kwenye miti na skii, wanamwaga risasi halafu hawapo.

Ukitaka mfano wa nje ya Urusi, chukua Korea, bwawa la Chosin, Novemba na Desemba 1950. Wamarekani walikuwa na bunduki mbili, M1 Garand na ile ndogo nyepesi, M1 na M2 kabini. Garand ilipiga. Kabini ililalamikiwa vibaya, gesi yake ni ndogo, kwenye baridi haina nguvu ya kusukuma vyuma vilivyojaa mafuta mazito, inapiga moja inakwama. Mizinga nayo mtutu ulikuwa ukishapiga unarudi mahali pake taratibu kama umechoka, sababu yale majimaji ya ndani yamekuwa mazito, na vitako vya mota vikapasuka kwa kugonga ardhi iliyokuwa ngumu kama zege. Damu ya akiba, ile plazma, iliganda haikuweza kutumika. Wahudumu wa majeruhi walikuwa wanaweka vichupa vya mofini mdomoni mwao ili viyeyuke kabla ya kumchoma mgonjwa sindano. Hicho kitu kila nikikisoma kinanigusa sana, kijana wa miaka 20 anazunguka kati ya majeruhi na dawa mdomoni.

Na upande wa pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Jeshi la China lililopelekwa pale lilitoka maeneo ya mashariki yenye joto zaidi, wengi wakiwa na viatu vya turubai. Zaidi ya 4,000 walikufa kwa kuganda, sio kwa risasi. Buti za Wamarekani nazo, zile zenye raba chini, zilikuwa na kasoro yake, ukitembea mguu unatoka jasho, ukisimama jasho linaganda humohumo. Kwa hiyo ukiniuliza kifaa gani cha kwanza kwenye vita vya baridi mimi sitakutajia bunduki, nitakutajia kiatu. Buti la Mjerumani 1941 lilikuwa na misumari ya chuma kwenye soli, ile misumari inabeba baridi moja kwa moja mpaka kwenye unyayo, na lilipimwa libane mguu hivyo huwezi kuongeza soksi. Mrusi alivaa valenki, kiatu cha sufi iliyoshindiliwa, kikubwa, hakina umbo, na mguu unabaki mzima. Waliougua kwa kuganda viungo upande wa Ujerumani majira yale walipita 100,000.

Jambo moja la mwisho kwako, bunduki usiingize ndani kwenye joto. Ukiingiza inatoa jasho, ukitoka nayo lile jasho linakuwa barafu ndani ya mtambo. Inaachwa nje ya hema, au kwenye sehemu isiyo na moto.

Niaje kaka. Nimeona watu wanabishana, wengine wanasema kifaru cha T-80 cha Mrusi ndio mfalme wa baridi juu ya injini yake ya taabini, wengine wanasema ni takataka. Wewe unasimama wapi?
Msomaji, Mombasa

Poa ndugu yangu. T-80 ina injini ya taabini, yaani ya jamii moja na ya helikopta, na faida yake kwenye baridi ni ya kweli kabisa. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kifaru cha dizeli kama T-72 lazima upashe injini moto kwanza, unaweza kukaa nusu saa, wakati taabini inawaka na kuondoka ndani ya dakika chache. Ndo maana Urusi imezipeleka kaskazini kabisa karibu na Aktiki, na toleo la T-80BVM limejengwa kwa kazi za huko. Kifaru cha Abrams cha Marekani nacho kina taabini, nguvu za farasi 1,500, nacho kinawaka kwenye baridi bila shida.

Shida inakuja kwenye neno lile lile, miezi. Taabini inakunywa mafuta hata ikiwa imesimama, karibu kama inavyokunywa ikitembea. Desemba 1994 T-80 zilipoingia Grozny zilimaliza mafuta huku zimeegeshwa tu zinasubiri amri. Sasa kwenye baridi ndo unataka injini iwake muda mrefu, kwa ajili ya joto na redio na kila kitu, kwa hiyo unajikuta unahitaji malori mengi zaidi ya mafuta, na malori hayo ni ya dizeli na matairi kwenye barabara ya barafu. Waliotengeneza matoleo mapya wameongeza injini ndogo ya pembeni ya kutoa umeme ili ile kubwa izimwe, na hiyo ni hatua nzuri.

Mimi nasimama na dizeli yenye kipasha moto kizuri. Norway, watu ambao baridi kwao si habari, walijaribu vifaru viwili majira ya baridi ya 2022 kule Rena, Leopard 2 ya Ujerumani na K2 ya Korea Kusini, vyote dizeli, na mwaka 2023 wakaagiza Leopard 54. Halafu kuna mashine ambayo hatuisifii vya kutosha, Bv 206 ya Uswidi. Ni mabehewa mawili yaliyounganishwa katikati, bodi ya plastiki ngumu, minyororo ya raba mipana, na inakandamiza theluji kidogo kuliko mguu wa mtu anayetembea, yaani wewe unazama mpaka kiunoni na lenyewe na watu 17 linapita. Zimetengenezwa zaidi ya 10,000. Ikifika Februari jeshi lote linaishi kwa kile ambacho hilo gari limeweza kuleta.

Kaka, za siku nyingi. Naishi Tampere, Finland, kijana wangu wa kwanza anaingia jeshini mwakani, kama vijana wote wa huku. Nasoma habari za Ukraine za droni na baridi mpaka usingizi unapotea. Siku hizi vifaa si vimekuwa bora? Na yeye watamweka nje kweli kwenye theluji?
Mama wa watoto watatu, Tampere

Dada yangu, pole na wasiwasi, mzazi yeyote angekuwa hivyo. Nianze na Ukraine kwa ufupi. Droni hazijaikwepa baridi, betri zake za lithiamu zinapoteza muda wa kuruka, mapanga yanashika barafu, na ukungu unaziba kamera, hivyo warushaji wanaweka betri kwenye vyombo vya kutunza joto mpaka dakika ya mwisho. Lakini kubwa zaidi limebadilika hili: zamani joto lilikuwa uhai, unawasha moto, unaacha injini inanguruma. Sasa droni yenye kamera ya joto inaona injini iliyowaka kutoka mbali, na theluji inaonyesha nyayo, na miti haina majani. Kwa hiyo askari wanajichimbia na kupata moto mdogo sana, Ukraine raia wanawatengenezea mishumaa ya kopo, wanakunja maboksi ndani ya kopo tupu na kumwaga nta, unatoa joto na kupasha chakula bila moshi mwingi. Na mara nyingi kule baridi haigandi moja kwa moja, inacheza karibu na sifuri, tope na maji, na hiyo kwa miguu na kwa magari ni mbaya kuliko nyuzi 20 kavu.

Sasa kijana. Ndiyo, watamweka nje, na kwa kweli hakuna jeshi ambalo ningependa zaidi limfundishe mtu kulala kwenye theluji. Wanalala kwenye mahema makubwa ya watu 20 hivi yenye jiko la kuni katikati, na usiku kucha kuna zamu, mmoja anakaa macho kulisha jiko na kuangalia lisichome hema, zamu inaitwa kipinä. Vitu vizito wanavuta kwenye sleji, ahkio. Utaratibu huo umeshikwa tangu vita vile vya 1939, ambapo pale barabara ya Raate divisheni ya 44 ya Wasovieti iliyotoka Ukraine ilikuwa na vifaru na mizinga na haikuwa na hema la maana wala skii za kutosha, wakakatwa vipande barabarani, na walioganda walikuwa wengi. Finland walikuwa maskini wa vifaru lakini kila usiku watu wao walilala mahali pakavu, wakazunguka kwa zamu, wakarudi msituni wamekula.

Hata bunduki atakayopewa, familia ya RK 62, chuma kinacholinda triga kimechorwa afyatue akiwa amevaa glavu nene bila kuivua. Mtu aliyeichora alikuwa anaijua baridi.

Vifaa watampa, ila wewe msisitizie haya mapema. Buti achague zenye nafasi ya soksi mbili, asione aibu kuomba saizi kubwa. Soksi za sufi, si za pamba, pamba ikilowa haikauki. Soksi za usiku zisiwe zilezile alizotembelea mchana, za mchana azivae tumboni chini ya shati zikauke kwa joto lake. Akianza kazi ya nguvu apunguze nguo kabla ya kutoka jasho, avae tena akisimama, hata kama wenzake wanamcheka. Na akihisi vidole vimekufa ganzi aseme palepale kwa kiongozi wake. Muda wa huduma ni siku 165, 255 au 347 kutegemea kazi aliyopangiwa, na kuna mikupuo miwili, Januari na Julai, kwa hiyo angalia barua yake imeandikwa upi. Wa Januari anaanza na baridi siku ya kwanza, wa Julai anakuwa na miezi kadhaa ya kuzoea buti kabla theluji haijaanguka.